Mkato Uliokosekana: Uchambuzi wa Ujumbe Mmoja wa Sauti Sokoni Mbuyuni, Moshi

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaofanya biashara katika soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Kilihusu rejesho la shilingi 50,000, faini ya shilingi 5,000, na heshima ya binti wa miaka 16 ambaye aliitwa mwongo mbele ya watu wazima zaidi ya 20 kwa sababu ya sentensi aliyoisema sawasawa. Wahusika wameridhia kisa kiandikwe. Jina la Neema si jina la mtu yeyote katika kisa hiki, ila nimelichagua kwa sababu lina idadi ya silabi na aina ya sauti sawa na za jina halisi, na wengine nitawataja kwa vyeo vyao tu. Mimi mwenyewe nafundisha fonolojia ya Kiswahili, yaani mfumo wa sauti zake, na niliingia katika jambo hili kwa kuwa mweka hazina wa kikundi ni jirani yangu.

Kikundi hukutana kila Alhamisi saa 10 jioni, nyuma ya meza za ndizi. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Mwanachama hununua hisa, hukopa, hurejesha, na hutoa kidogo kwa ajili ya mfuko wa jamii. Kwa katiba yao, anayeshindwa kuleta angalau nusu ya rejesho kabla ya kikao hutozwa faini ya shilingi 5,000, na kilichoandikwa katika daftari la katibu ndicho kinachosimama mpaka kikao kikibadilishe. Kanuni hii ya mwisho ni nzuri, na sina ugomvi nayo. Imeviokoa vikundi vingi na maneno ya mdomoni. Katika kisa hiki, hata hivyo, daftari lilipokea maneno ya mdomoni kwa njia ya karatasi, na njiani kitu kimoja kilidondoka.

Neema ni mwanachama, naye huuza nyanya. Mama yake pia ni mwanachama, huuza ndizi mshare, na sokoni hakuna anayemwita kwa jina lake la ubatizo: yeye ni Mama Neema. Wote wawili walikuwa na mkopo, na kila mmoja alitakiwa kurejesha shilingi 100,000 juma hilo. Siku ya Jumatano mweka hazina alikwenda Arusha msibani na kumwacha binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, asimamie meza ya vitunguu akitoka shuleni. Jioni Neema alipita akamkabidhi binti huyo shilingi 50,000. Binti akaziweka katika mkoba, kisha akamtumia mama yake ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Mweka hazina, akiwa katikati ya waombolezaji, alisikiliza maneno machache ya mwanzo na kuupeleka ujumbe ule kwa katibu kama ulivyo. Katibu aliusikiliza akiwa ndani ya daladala, na usiku akauandika katika karatasi hivi:

“Mama Neema amelipa elfu hamsini, nyingine ataleta Jumamosi. Utamwambia katibu.”

Alhamisi karatasi ikasomwa. Mama Neema, aliyekuwa Marangu akimuuguza mkwe, akahesabiwa kuwa ameleta nusu. Neema akatozwa faini. Alipopinga, binti wa mweka hazina akaitwa, naye akafika akiwa bado na sare za shule. Mazungumzo yaliyofuata nimesimuliwa na watu wanne tofauti, na wote wanakubaliana juu ya maneno yake.

“Ulisema Mama Neema amelipa, hukusema?” mwenyekiti aliuliza.

“Nilisema, Mama, Neema amelipa.”

“Si ndiyo hayo hayo!” mjumbe mmoja akadakia.

Binti akarudia tena, polepole zaidi, na safari hii wengine wakaanza kuguna, kwa sababu masikioni mwao alikuwa anakiri na kukana kwa wakati mmoja. Mwenyekiti akamwambia kwamba mtoto hageuzi maneno mbele ya wakubwa. Binti akajibu, “Haya.” Muhtasari wa kikao ukaandikwa: “Binti alikubali.”

Juma lililofuata Mama Neema alirudi na kusema waziwazi kwamba hakulipa chochote. Huo ungekuwa mwisho wa jambo, lakini wapo waliosema kwamba mzazi yeyote angemwachia mwanawe malipo yake ili asitozwe faini. Siwalaumu sana. Sanduku lenyewe halikuweza kusaidia, kwa kuwa shilingi 50,000 ni zilezile azilete nani. Shahidi aliyebaki ambaye hakuwa na undugu na mtu alikuwa ule ujumbe wa sauti, uliokuwa bado katika simu ya katibu. Waliusikiliza pamoja palepale sokoni, simu ikiwa imeinuliwa juu na wapiga debe wakiita abiria barabarani, na wakagawanyika: wengine walisikia Mama Neema, wengine walisikia Neema. Hapo ndipo mweka hazina alipokuja kugonga mlango wangu.

Sentensi yenyewe

Nianze na swali ambalo wanakikundi waliniuliza kwanza: inawezekanaje maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, yaseme mambo mawili? Katika Kiswahili hali hii si ya kawaida kama tunavyodhani, kwa sababu sarufi yetu ina walinzi wengi. Kiambishi cha mtenda hututajia aliyefanya, upatanisho wa ngeli hututajia kinachozungumziwa, na neno “ndiye” humtenga mtu mmoja na wenzake. Walinzi hao wote walilala usingizi katika sentensi hii moja. Kiambishi “a-” katika “amelipa” kinamfaa Neema, na kinamfaa mama yake vilevile. Hata kama binti angesema “Neema ndiye aliyelipa”, ambayo kwa kawaida ni sentensi isiyo na shaka, akitanguliza neno “mama” utata ungerudi uleule. Chanzo ni desturi yetu nzuri ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake bila kiunganishi. Tungekuwa tunasema “Mama wa Neema” au “Mama yake Neema”, sentensi ingejitosheleza katika maandishi. Tunasema “Mama Neema”, na hivyo mzigo wote wa kutofautisha mwitwa na mtajwa tunautwika kiimbo.

Kiimbo ni mwendo wa sauti kupanda na kushuka katika kipande kizima cha usemi. Kinachopanda na kushuka ni kidatu, yaani kile tunachokisikia kama sauti ya juu au ya chini, ambacho hutokana na wepesi wa nyuzi za sauti kutetema ndani ya koo. Kwa mwanamke mzima nyuzi hizo mara nyingi hutetema karibu mara 200 kwa sekunde, na kwa mwanamume karibu mara 120, lakini kwa uchambuzi wa maana idadi yenyewe haina uzito. Chenye uzito ni msemaji analinganishaje silabi moja na nyingine ndani ya sauti yake mwenyewe.

Mkazo ni jambo jingine, na ni lazima litengwe, kwa kuwa wanakikundi wawili walidhani tatizo liko hapo. Mkazo wa neno katika Kiswahili umepigiliwa msumari kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiongeza kiambishi nyuma, mkazo unahama ili ubaki palepale: lípa huwa lipéni, nyúmba huwa nyumbáni. Maneno yanayokiuka ni machache na mengi yao tunayafahamu tangu shuleni. Barabára ni njia ya magari, na barábara ni sawasawa. Katakáta ni kata vipandevipande, na katákata ni namna ya kukataa bila kurudi nyuma. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hana uhuru mkubwa wa kuhamisha mkazo ndani ya neno ili abadili maana. Uhuru alionao ni wa kugawa usemi katika vipande, na kuamua kila kimoja kiinuke au kishuke vipi.

Sasa tuisikilize sentensi yetu. Inapomtaja Mama Neema, maneno mawili yanafanya kipande kimoja. Mkazo wa “mama” unalegea, silabi zake zinapita upesi kama za kiambishi kirefu, na uzito wote unaangukia silabi ya kati ya “Neema”, ile “e” ya pili, kisha sauti inaendelea moja kwa moja hadi “amelipa”. Inapomwita mama na kumtaja Neema, “Mama” ni kipande kinachojitegemea: silabi yake ya kwanza inapata mkazo kamili, irabu ya mwisho inavutwa kidogo, sauti inatua, halafu “Neema” inaanza upya kama mtu anayeweka mguu kwenye ngazi nyingine. Kimya kati ya vipande kinaweza kuwepo au kisiwepo. Hili ndilo ambalo watu wengi hawalijui, nami nililisisitiza sana mbele ya kikundi, kwa sababu mjumbe mmoja alisema kwa haki kabisa, “Mbona hakutulia baada ya mama?” Msemaji si lazima atulie. Kuvuta irabu na kuanza upya kwa kidatu kunatosha kuuchora mpaka, na sikio hulisoma hilo kama pumziko hata pale ambapo hapakuwa na kimya cha aina yoyote.

Nilihamisha ujumbe ule kwenye kompyuta na kuutazama kwa programu ya Praat, ambayo imetungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na hutolewa bure. Huichora sauti kama mstari unaoonyesha kidatu kwa kila sehemu ndogo ya sekunde. Bahati ilikuwa upande wetu kwa jambo moja ambalo binti hakulipanga. Katika “Mama Neema ameli-” hakuna hata sauti moja ambayo nyuzi za sauti huacha kutetema, kwa kuwa m, n na l zote hutamkwa kwa mtetemo. Mstari wa kidatu haukatiki mpaka ifike “p” ya “amelipa”. Kama jina lingekuwa na k, s au t, mstari ungekatikakatika, na mpingaji angeweza kusema kwamba nimejaza mapengo kwa matakwa yangu.

Mstari huo ulionyesha nini? “Ma” ya kwanza iko juu. “Ma” ya pili inashuka na kuwa ndefu kuliko ya kwanza, ingawa mkazo wa neno uko kwenye ya kwanza. Urefu wa namna hiyo kwenye silabi isiyo na mkazo huonekana pale kipande cha usemi kinapofikia ukingo wake. Halafu kidatu kinaruka juu mwanzoni mwa “Neema”. Kimya hakikuwepo hata kidogo. Mwishoni mwa jina, irabu ya “Neema” na ile ya mwanzo wa “amelipa” zimeungana, kama zinavyoungana tunapozungumza haraka, na kwa hiyo mpaka pekee katika sehemu yote hii ni ule uliopo baada ya “Mama”. Binti alimwita mama yake, kisha akamtaja Neema.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sikuona haki kumwambia mtu amekosea kusikia kwa kumwonyesha mstari kwenye kioo. Watu husikia kwa masikio. Nilimwomba binti anirekodie sentensi zote mbili mara kadhaa, nyumbani kwetu, akiwa ametulia, nikazichanganya bila mpangilio, na kuwaita wanachama sita wasikilize mmoja mmoja na kuandika nani amelipa. Walipatia karibu zote. Katibu, ambaye ndiye aliyeandika ile karatasi, hakukosea hata mara moja, na alipomaliza alikaa kimya kwa muda mrefu akiwa ameshika kalamu. Kisha nikawasikilizisha ujumbe halisi katika chumba hichohicho kisicho na kelele. Wote sita waliandika Neema.

Kwa nini basi alisikia vingine mara ya kwanza? Kelele za daladala ni sehemu ya jibu, na sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni mazoea. “Mama Neema” ni jina analolisikia na kulitamka kila siku sokoni, na sikio linapopokea silabi hizo tano kwa kufuatana, jina hujitokeza lenyewe kabla kiimbo hakijapata nafasi ya kutoa ushahidi wake. Zaidi ya hapo, katibu hakuwa ndiye anayeitwa. Neno “mama” katika ujumbe lilimhusu mweka hazina, mama mzazi wa binti. Katibu, akiusikiliza ujumbe ambao haukuelekezwa kwake, hakuwa na sababu ya kutarajia kuitwa mama na mtu huyo. Ujumbe ulipobadilisha msikilizaji, mwito ulipoteza mwenyewe, na neno likatafuta pengine pa kujishikiza. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha kisa chote. Kuupeleka ujumbe wa sauti kwa mtu wa tatu kunaonekana ni kupeleka kitu kilekile, na kwa hakika sauti ni ileile, lakini uhusiano uliompa msikilizaji wa kwanza ufunguo wa kiimbo haupelekwi.

Swali lililogeuka amri

Mjadala wa nani alilipa ulifunika jambo la pili ambalo mimi naliona zito zaidi, kwa kuwa liligusa tabia ya binti. Mwisho wa karatasi ya katibu paliandikwa, “Utamwambia katibu.” Wazee wa kikundi waliposomewa sentensi hiyo waliona mtoto anayemwagiza mama yake mzazi kama anayemwagiza mtumishi. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba tangu hapo hakumwamini tena, kwa sababu mtoto asiye na adabu kwa mama yake hatashindwa kusema uongo kwa watu baki.

Katika Kiswahili, sentensi ya taarifa na swali la ndiyo au siyo hutumia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Tunalo neno “je”, lakini hakuna anayelazimika kulitumia, na katika mazungumzo ya nyumbani ni nadra kulisikia. Kinachobaki ni kiimbo. Katika taarifa, sauti huteremka kidogo kidogo kuelekea mwisho. Katika swali, sauti kwa jumla hukaa juu zaidi, hupandishwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha hudondoka kwenye silabi ya mwisho. Wengi hudhani kwamba swali la Kiswahili huishia juu, na wanapofika kwenye ile silabi ya mwisho inayodondoka huhesabu kwamba ni taarifa. Bi. E. O. Ashton alipochapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1944, alilipa suala la kiimbo uzito kiasi cha kulitaja katika jina lenyewe la kitabu. Sisi tunaofundisha leo, nikiwemo mimi, huwa tunakipitia kiimbo kwa haraka katika kipindi kimoja au viwili na kukimbilia mofolojia, yaani muundo wa maneno.

Katika ujumbe wa binti, “utamwambia katibu” ina mlima wazi kwenye “ti” ya “katibu”, juu kuliko silabi nyingine yoyote ya ujumbe mzima, na “bu” inadondoka kutoka hapo. Alikuwa anauliza. Alipoulizwa na mama yake baadaye alieleza kwamba alitaka kujua kama mama atamwambia katibu mwenyewe, au yeye ampitie jioni ile kabla ya kwenda nyumbani. Kwa maneno mengine, alikuwa anajitolea. Kwa kuwa karatasi haikuwekwa alama ya kuuliza, wakati ujao wa kitenzi ukabaki peke yake, na sote tunajua kwamba “utafanya hivi”, ikishushwa sauti, ni amri isiyo na mlango wa kukataa. Nukta moja iliyowekwa mahali pa alama ya kuuliza iliugeuza utiifu kuwa ujeuri, na ujeuri huo ukatumiwa kupima ukweli wa sentensi iliyotangulia. Ninaandika haya kwa uchungu, kwa kuwa binti alihukumiwa mara mbili kwa karatasi ambayo hakuiandika.

Pingamizi mbili zilizostahili kujibiwa

Mjumbe mmoja alisema simu huharibu sauti na kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi. Pingamizi hili lina msingi. Katika simu ya kawaida ya kupiga, mtandao kwa muda mrefu umekuwa ukipitisha mawimbi ya sauti kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu, na mtetemo wa msingi wa sauti ya mtu mzima uko chini ya hapo. Pamoja na hayo, hakuna anayeshindwa kujua kwenye simu kama mwenzake anauliza au anaeleza. Sauti ya mtu ina mtetemo wa msingi na mitetemo mingine juu yake iliyopangana kwa hatua sawa, na sikio huzipima hatua hizo na kuujenga upya msingi ambao haukufika. Zaidi ya hayo, ujumbe wa sauti si simu ya kupiga. Hurekodiwa ndani ya kifaa na kusafirishwa kama faili, na ujumbe wa binti ulikuwa na mtetemo wake wa msingi bila kukatwa.

Pingamizi la pili lilikuwa la lafudhi. Binti alikulia Dar es Salaam, wakati wanachama wengi wamelelewa katika Kichaga cha Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, na wengine ni Wapare. Lugha hizo zina toni, yaani kidatu cha silabi ni sehemu ya neno lenyewe na kinaweza kutofautisha maana, na majirani zetu Wamaasai hutumia toni hata kuonyesha kama jina ni mtenda au mtendwa. Kiswahili kimeacha toni ya namna hiyo. Je, mtu aliyekuzwa na masikio ya toni anaweza kukisikia kiimbo cha Kiswahili cha mjini vingine? Inafaa kulipima kwa utaratibu mpana kuliko chumba changu cha wageni. Kwa kisa hiki, jibu lilipatikana kwa wale wasikilizaji sita, ambao watano wao lugha yao ya kwanza ni Kichaga na mmoja ni Kipare. Waliusikia mpaka bila shida mara tu kelele zilipoondoka.

Lipo neno moja ambalo nilikataa kulitolea hukumu, ingawa niliombwa. Ni ile “Haya” ambayo binti aliijibu mwenyekiti, iliyoandikwa kuwa alikubali. Haikurekodiwa. “Haya” ikisemwa kwa kushuka upesi ni kukubali. Ikipandishwa mwishoni ni kumhimiza mtu aendelee. Ikivutwa kwa sauti ya chini ni kujitoa katika mabishano bila kukubali wala kukataa, kama anavyofanya mtoto mbele ya mkubwa ambaye hawezi kumjibu. Neno hili halina maana inayoweza kuandikwa bila kiimbo chake, na walionisimulia kikao kile kila mmoja aliliigiza tofauti. Niliwaambia kwamba muhtasari unaosema “alikubali” umejaza kitu ambacho karatasi haikupewa.

Kikao cha kurekebisha

Sikupendekeza mambo mengi. Niliomba daftari litumie namba ya mwanachama pamoja na jina, na mzazi anayetajwa kwa jina la mtoto aandikwe kwa kiunganishi, “Mama wa Neema”, hata kama hakuna atakayemwita hivyo kwa mdomo. Niliomba pia kwamba anayeandika kutoka kwenye sauti ampigie msemaji na kumsomea alichoandika kabla hakijaingia kwenye daftari. Mwenyekiti aliuliza kama binti angeweza kufundishwa kusema “Amelipa Neema, mama”, ambapo mwito unakuja mwishoni na utata unaondoka. Anaweza, na sentensi hiyo ni safi. Lakini nilimweleza kwamba mtoto alisema Kiswahili sahihi kwa mama yake aliyekielewa, na kwamba wajibu wa kulinda maana ulikuwa wa aliyeihamisha kutoka sauti kwenda karatasi.

Katika kikao cha Alhamisi iliyofuata, Neema alirudishiwa shilingi 5,000 zake. Mama yake alilipa rejesho lake lote siku hiyohiyo. Faini ya mama huyo, ambayo kwa katiba ilimpasa kwa kuchelewa, kikao kiliisamehe kwa sababu ya ugonjwa wa mkwe. Katibu alifungua ile karatasi yake ya kwanza, akaweka mkato baada ya “Mama”, akaifuta nukta ya mwisho na kuweka alama ya kuuliza, na pembeni ya kila sahihisho akaweka saini na tarehe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Binti aliitwa, akafika na sare zake, akaamkia. Mwenyekiti akamwambia, “Mwanangu, tulikukosea. Utusamehe.”

“Haya,” binti akasema.

Katibu alikuwa ameshainamia daftari. Akainua kalamu, akamtazama. “Niandike kwamba umekubali?”

Binti alifikiri kidogo.

“Andika nimesikia, mama.”